Mkaguzi wa Kitale hajui ya Bungoma: historia fupi ya swichi za C

Leo historia kidogo.

Ukifuata reli ya zamani kutoka Eldoret, pale Leseru inagawanyika: tawi moja ni la Kitale, na njia kuu inaendelea Webuye, Bungoma hadi Malaba. Mkaguzi aliyefuata tawi la Kitale hawezi kukuambia kama daraja la upande wa Bungoma ni bovu. Lugha ya C ina shida hiyohiyo tangu utoto wake.

Dennis Ritchie aliiunda C pale Bell Labs, Marekani. Mnamo 1972-73 ikapata priprosesa, yaani programu inayoupitia msimbo kabla ya kompaila. Mwanzoni ilijua `#include` na `#define` tu. Baadaye Mike Lesk na John Reiser wakaiongezea masharti: swichi ikiwashwa mistari inabaki, ikizimwa inatupwa, kompaila isiione kamwe. Swichi ikikaa ndani ya heda, inagusa kila faili linaloiingiza heda hiyo.

Kisha Stephen Johnson, wa Bell Labs pia, akaandika lint, programu ya kusaka makosa bila kuuendesha msimbo. Lakini lint ilisoma kile tu ambacho priprosesa ilibakiza. Ilifuata tawi moja.

Kwa nini isikague yote, moja baada ya jingine? Piga hesabu. Swichi 10 zinazojitegemea zinaleta njia 1,024. Swichi 33 zinaleta zaidi ya bilioni 8.5, kushinda idadi ya watu duniani. Kernel ya Linux ina swichi zaidi ya 10,000!

Na si mchezo. Aprili 2014 lilitangazwa tundu la Heartbleed katika OpenSSL, lililoweza kuvujisha nywila na funguo za siri. Waliokompaili na `OPENSSL_NO_HEARTBEATS` walikuwa salama. Faili zilezile, programu mbili tofauti.

Dawa ilianza kupatikana 2011, Christian Kästner na wenzake walipotoa TypeChef, kisha 2012 SuperC ya Paul Gazzillo na Robert Grimm. Hizi hazichagui tawi. Husoma yote kwa pamoja, na kila kipande hubaki na lebo ya sharti lake. Sehemu zinazofanana husomwa mara moja.

Kwa hiyo ndugu yangu, programu ya ukaguzi ikikuambia "hakuna kosa", iulize kwanza: umepitia Kitale au Bungoma?