Wenye Hisa na Maneno ya Mezani

Kamati ya sherehe ilipogawa kazi za kijitabu hiki cha miaka kumi, niliambiwa niandike historia ya vyama vyetu vya msingi. Historia hiyo imekwisha andikwa na wazee walioiona kwa macho yao, nami sina la kuongeza. Naomba ruhusa yenu, wanachama wenzangu, niandike juu ya jambo jingine, ambalo nalisikia nje ya dirisha la ofisi kila siku ya malipo ya kahawa. Vijana, na siku hizi hata wazee, husimama na simu mkononi wakisomeana maneno yaliyoletwa na watu wasiowajua: hisa fulani itapanda, ile uiuze kabla ya mwisho wa mwezi, je, ni heri benki au umeme? Kisha huingia ndani kuniuliza mimi, kana kwamba katibu wa ushirika ni dalali. Safari hii maneno hayo yamepita dirishani yakafika mezani, maana imeletwa hoja kwamba sehemu ya akiba ya Chama Kikuu itumike kununua hisa katika soko la Nairobi. Kwa hiyo yafaa tujue soko hilo lilitoka wapi, na watu wa hali yetu waliingiaje humo.

Desturi ya kuulizana bei haikuanza na simu. Mjini London, mwishoni mwa karne ya 17, wauzaji na wanunuzi wa hisa walikutana katika mkahawa wa Jonathan, na ni humo John Castaing alimoanza, mwaka wa 1698, kutoa orodha ya bei iliyochapishwa. Walowezi wa Kiingereza waliokuja Kenya wakaja na desturi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1920 hisa ziliuzwa Nairobi na wahasibu, wanadi na mawakala wa majumba, kama kazi ya pembeni tu, nao walikutana kwenye hoteli ya Stanley wakapatana bei huku wakinywa kahawa. Mwaka wa 1951 Francis Drummond alifungua ofisi ya kwanza ya udalali wa hisa peke yake, na mwaka wa 1954 Soko la Hisa la Nairobi likaandikishwa kama chama cha hiari cha madalali. Chama cha hiari! Kwa maandishi kilifanana na chama chetu. Hakikuwa na ukumbi wa biashara. Mambo yalikwenda kwa simu na kwa kuaminiana, na ndivyo yalivyoendelea hadi mwaka wa 1991.

Lakini tazameni ni nani waliokaa kwenye meza ile. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa mpaka Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963. Na ile kahawa iliyokuwa katika vikombe vyao haikuwa ya babu zetu, kwa kuwa kwa miaka mingi Waafrika wa Kenya walizuiliwa kuilima kwa kuuza, isipokuwa wachache wa Meru na Kisii walioruhusiwa kidogo kuanzia miaka ya 1930. Mlango ulifunguliwa na Mpango wa Swynnerton, nao ulitolewa mwaka huo huo wa 1954. Nikizitazama tarehe hizo mbili pamoja huwa nakaa kimya kidogo. Mwaka ambao mkulima alipewa nafasi ya kupanda mche wa kahawa, wengine walikuwa wakikiandikisha chama cha kuuziana mali za nchi, naye hakualikwa.

Baada ya Uhuru mlango huo nao ulifunguka, ila watu wa mashambani hawakuingia kwa wingi. Mwaka wa 1988 Serikali iliuza asilimia 20 ya Benki ya Biashara ya Kenya, nayo ndiyo mali ya umma ya kwanza kuuzwa kwa njia ya soko hilo. Vijijini habari hiyo ilipita kama mvua ya upande wa pili wa mlima.

Kilichowaamsha watu ni umeme. Mwaka wa 2006 Serikali iliuza hisa kama milioni 659 za kampuni ya KenGen, kila moja kwa shilingi 11 na senti 90. Siku ya kwanza sokoni hisa hiyo ilifika shilingi 40. Mwenye shilingi 10,000 aliziona zimezidi 30,000 kabla ya jua kuchwa. Basi kwenye matatu, kanisani, kilabuni na kwenye foleni ya maziwa hapakuwa na hadithi nyingine, na kila aliyeisimulia aliiongezea chumvi yake.

Miaka miwili baadaye ikaja Safaricom. Serikali ilitoa hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni yote, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalipita mara nne ya hisa zilizokuwapo, na waombaji walikuwa zaidi ya 800,000. Wengi walikopa. Naomba tufanye hesabu ambayo haikufanywa na wengi wakati ule. Mtu akope shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, aombe hisa 20,000. Kwa kuwa waombaji ni wengi, apewe kama moja ya tano, hisa 4,000, zenye thamani ya shilingi 20,000. Zile 80,000 zitarudi baadaye, lakini riba ya shilingi 1,250 kwa mwezi yahesabiwa juu ya mkopo wote. Tarehe 9 Juni 2008, siku ya kwanza sokoni, bei ilipita shilingi 7. Aliyeuza siku hiyo alipata kitu, ingawa baada ya kumlipa dalali na benki kitu hicho kilikuwa kidogo kuliko maneno yaliyokitangulia. Aliyengoja shilingi 40 kama za umeme aliona bei ikishuka chini ya shilingi 3 mwanzoni mwa 2009, na gawio la mwaka huo lilikuwa senti 10 kwa hisa: shilingi 400 kwa hisa zake zote.

Sababu zilikuwa wazi kwa mwenye kuuliza. Hisa bilioni 10 si milioni 659. Waliokopa walitaka kuuza wote kwa pamoja ili walipe madeni. Na mwaka huo fedha za dunia nzima zilitikisika. Hata madalali wenyewe hawakuwa salama, kwani mwezi Machi 2008, Safaricom ikiwa karibu kuuzwa, mmoja wa wakubwa wao aliwekwa chini ya usimamizi kwa kushindwa kulipa wateja.

Wala sisemi kampuni ilikuwa mbovu. Hisa ile ile ilipita shilingi 40 mwaka wa 2021, na mwishoni mwa 2023 ikashuka tena chini ya 15. Waliouza kwa shilingi 3 waliuza kwa kusikia maneno, kama walivyonunua. Naona kosa lilikuwa katika swali. Watu waliulizana bei itafika wapi, jambo asilolijua mtu; hawakuulizana hisa ni ngapi, fedha ni za nani na riba yake ni kiasi gani, mambo yaliyokuwa yameandikwa.

Jambo la mwisho ni la lugha. Sisi hutumia neno moja, hisa, kwa vitu viwili. Hisa ya ushirika haipandi wala haishuki, na mwenye nyingi ana kura moja sawa na mwenye chache. Ya soko hupanda na kushuka, na mwenye nyingi ndiye mwenye sauti. Katika hoja iliyoletwa neno hilo limetumika mara sita bila kutenganishwa. Nimemwomba Mwenyekiti, naye amekubali, kwamba kabla ya kura mleta hoja aeleze fedha zitakazotumika ni za akiba ipi, na itakuwaje zikihitajika wakati wa kununua mbolea bei ikiwa chini.

Mkutano mkuu utaanza saa tatu asubuhi.