Opio: jina la pacha lililovuka lugha na mpaka

Huko Mukuju, kwenye barabara itokayo Tororo kwenda Mbale mashariki mwa Uganda, jina la Opio hueleza namna mtu alivyokuja duniani. Ni jina la pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa; akiwa wa kike huitwa Apio. Anayemfuata ni Odongo au Adongo.

Asili ya majina hayo ni lugha za Kiluo. La kwanza latokana na neno lenye maana ya upesi, la pili na neno lenye maana ya kubaki: mmoja aliharakisha, mwenzake akasalia tumboni. Walango na Waacholi wa kaskazini humwita huyo wa pili Ocen, yaani aliyekuja nyuma. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Okello au Akello, jina ambalo wasomaji wa pwani walilisikia kwa John Okello, mzaliwa wa Lango, katika mapinduzi ya Zanzibar ya 1964.

La kustaajabisha ni kwamba Waiteso, walio wengi Mukuju, si Waluo. Lugha yao ni jamaa ya Kikaramojong na Kiturkana. Majirani zao Wajopadhola ndio Waluo. Hata Wasamia wa Busia, wenye lugha ya Kibantu, wamelipokea: Gabriel Opio, aliyepata kuwa waziri wa serikali ya Uganda, alikuwa mbunge wa huko. Waganda wamebaki na Wasswa na Kato wao, kama vile Watanzania wengi walivyo na Kulwa na Doto.

Hata hivyo, si kila Opio ni pacha. Wengine wamerithi jina la babu, na siku hizi shule na pasipoti huligeuza kuwa jina la ukoo, hata binti akaitwa Opio, ingawa herufi O mwanzoni ni alama ya mwanamume.

Upande wa Kenya jina hilo huandikwa zaidi Opiyo. Mwaka 1902 Uingereza ililihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Waiteso wakagawanyika. Hivyo jamaa wa ukoo mmoja huweza kuwa Opio katika kitambulisho cha Uganda na Opiyo katika cha Kenya. Kwa anayetaka kuthibitisha urithi wa shamba la baba yake ng'ambo ya mpaka, herufi hiyo moja huweza kumrudisha nyumbani kutafuta mashahidi.