Mmiliki Si Mlipaji: Hospitali za Serikali na za Kanisa Mkoani Kilimanjaro

Ukisikiliza mazungumzo ya wakazi wa Moshi kuhusu matibabu, utadhani kuna timu mbili zinazoshindana. Ya kwanza ni hospitali ya serikali: bei nafuu, foleni ndefu, na dawa zinazopatikana leo zikakosekana kesho. Ya pili ni hospitali ya misheni: usafi, nidhamu, na bili. Mkoa huu unaonekana kufaa sana kwa ulinganisho huo, maana pande zote mbili zinapakana. Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni mali ya serikali. Kilomita chache kutoka hapo iko KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, chini ya Shirika la Msamaria Mwema lililoundwa na makanisa ya Kiprotestanti. Mlimani ziko Machame na Marangu za Walutheri, na Kibosho, Kilema na Huruma ya Rombo za Wakatoliki. Wilayani Siha iko Kibong'oto ya serikali, ambayo imejulikana kwa tiba ya kifua kikuu tangu miaka ya 1920.

Makala haya yanadai kwamba ulinganisho huo umeanzia pabaya. Kinachomgusa mgonjwa si jina lililo kwenye hati ya jengo, bali ni nani anayelipa gharama za tiba na nani anayetoa hesabu mambo yanapoharibika. Katika yote mawili, serikali na makanisa wameacha pengo, na mgonjwa ndiye anayeliziba kwa fedha zake.

Tuanze na ramani. Wamisionari wa Kikatoliki waliweka makao Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame mwaka 1893. Walijenga kule walikokuwa na waumini, yaani kwenye ukanda wa migomba na kahawa, wenye baridi na watu wengi. Zahanati zao zilikua zikawa hospitali papo hapo. Lakini malaria hupungua kadiri unavyopanda mlima, na mzigo wake mkubwa uko tambarare, kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni na miwa ya Arusha Chini. Vitanda vikawa juu, homa ikabaki chini. Misheni haistahili lawama kwa hilo, kwani haikuwahi kuahidi kuhudumia nchi nzima. Aliyeahidi ni serikali. Ilipozindua Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi mwaka 2007, ikilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, ilikuwa inatekeleza wajibu ambao hakuna askofu angeweza kuubeba.

Historia ya KCMC inaonyesha jinsi umiliki ulivyo kipimo dhaifu. Ilifunguliwa Machi 1971, na muda mfupi baadaye uendeshaji wake ukachukuliwa na serikali, kama ilivyokuwa kwa Bugando ya Wakatoliki jijini Mwanza. Bugando ilirudishwa kanisani mwaka 1985, KCMC mwaka 1992. Hata baada ya kurudishwa, mishahara ya sehemu kubwa ya watumishi iliendelea kutoka hazina. Kwa hiyo anayesifu KCMC kama ushahidi kwamba kanisa linaweza kazi kuliko serikali, anasifu pia fedha za mlipakodi. Na anayeibeza kama biashara ya dini asisahau kwamba sheria ya mwaka 1977, iliyozuia tiba ya kujipatia faida, iliyaacha mashirika ya dini yaendelee kwa sababu taifa lisingeweza kutibu watu bila hayo.

Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano yaliyourasimisha uhusiano huo, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Mfumo wa hospitali teule ulikuwa tayari unatumika: pale ambapo wilaya haina hospitali yake, ya kanisa inateuliwa kufanya kazi hiyo, nayo inapata watumishi wanaolipwa na serikali pamoja na ruzuku. Huruma ilikuwa hospitali teule ya Rombo kwa misingi hiyo. Ni utaratibu wa busara, ila una kasoro moja kubwa: ruzuku haikokotolewi kwa gharama halisi ya kumtibu mgonjwa. Kinachopungua kinatafutwa kwenye dirisha la malipo. Kadiri misaada ya Ulaya inavyopungua, ndivyo dirisha hilo linavyobeba mzigo zaidi.

Mfano mmoja unatosha. Mkulima wa Kahe amekata kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyomgharimu shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kadi hiyo inamvusha zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya mpaka Mawenzi. Daktari wa Mawenzi akimwandikia rufaa ya KCMC, safari iliyobaki ni fupi kiasi cha bodaboda, lakini kadi inaishia hapo. Akifika KCMC ni mgonjwa wa fedha taslimu. Asipokuwa nazo, anaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha, ambako ataeleza umaskini wake kwa mtu asiyemfahamu. Hapo hakuna aliyefanya uovu: kila ofisi imefuata kanuni zake. Tatizo ni kwamba mfumo wa rufaa unavuka mpaka wa umiliki, na fedha hazivuki.

Upande wa uwajibikaji, tofauti iko wazi zaidi. Hesabu za hospitali ya serikali hupitiwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ripoti ikawasilishwa bungeni, na diwani akipenda anaweza kuuliza maswali. Hesabu za hospitali ya kanisa husomwa dayosisini. Muumini anaweza kuuliza, lakini mgonjwa Mwislamu wa Njoro au Mmasai wa tambarare hana kikao cha kuingia. Pia yapo masuala ya imani. Hospitali ya Kikatoliki haitoi vidonge wala sindano za uzazi wa mpango, na ni haki yake. Lakini halmashauri inapoiteua hospitali hiyo kuwa ya wilaya, inabaki na jukumu la kuhakikisha mwanamke anapata huduma hiyo jirani, bila nauli ya ziada.

Wapo watakaosema dawa ni kuzikabidhi hospitali zote kwa makanisa, kwa kuwa yanasimamia vizuri. Hoja hiyo inasahau kwamba nidhamu ya misheni ilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya watumishi wachache waliolipwa na wafadhili. Serikali ilipopandisha mishahara miaka ya 2000, wauguzi wengi wa misheni walihamia serikalini, na wito haukuwazuia. Wengine watasema serikali ichukue zote. Hilo lilishajaribiwa KCMC na Bugando, na serikali yenyewe ndiyo iliyozirudisha.

Njia iliyobaki ni ngumu kisiasa, lakini inaeleweka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana Kilimanjaro iwapo tu fedha zitamfuata mgonjwa mpaka mwisho wa rufaa yake, na ruzuku ikalingana na gharama. Kwa upande wao, makanisa yakubali kwamba shilingi ya umma huja na mkaguzi wa umma: bei zibandikwe, hesabu za hospitali teule zitangazwe, na wawakilishi wa wananchi wa dini zote wawemo kwenye bodi. Hospitali isiyotaka masharti hayo ina uhuru wa kubaki ya binafsi, ila isiitwe ya wilaya.