Mti wa Bunduki ya Zamani

Mtu akirithi bunduki ya zamani, tena akawa na ruhusa ya serikali kuiweka, mara nyingi wazo lake la kwanza ni hili: nitaupara mti wake ung'ae kama mpya. Tunamwomba angoje kidogo. Mti wa bunduki una habari zake, na anayeupara ovyo anazifuta.

Mafundi wa Ulaya tangu zamani waliupenda mti wa mjozi, ambao kwa Kifaransa huitwa noyer. Ni mgumu bila kuwa mzito mno, haupasuki upesi bunduki inapopiga teke, na ukikaushwa vema haupindi. Mwaka 1867 jeshi la Ubelgiji lilichagua bunduki ya Albini, ya risasi moja moja. Mwaka 1889 kiwanda kikubwa kikaanzishwa Herstal, karibu na Liège, ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser, za risasi tano. Aina hizo mbili zilifika Kongo. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Force Publique walikuwa bado na Albini.

Wazee wetu waliibeba mizigo hiyo begani. Tarehe 19 Septemba 1916 waliingia Tabora, baada ya safari ndefu ya miguu, na wapagazi wengi pamoja nao. Hayo tunayasimulia kwa fahari. Lakini yako mengine. Siku za mpira, kabla nchi haijatoka mikononi mwa Mfalme Leopold II na kuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, bunduki zilitumika kuwatesa watu vijijini. Askari walidaiwa hesabu ya kila risasi, na mahali pengine walileta mikono iliyokatwa, iwe ushuhuda kwamba risasi haikupotea bure. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, aliyaeleza hayo katika taarifa iliyotangazwa mwaka 1904. Fahari na aibu zilishikwa kwa kitako kimoja.

Basi, fundi wa nyumbani afanye nini? Kwanza ahakikishe kwamba hakuna risasi ndani. Kisha autenge mti na chuma. Asitumie msasa wala kipande cha chupa, kwa maana vitu hivyo hula mihuri na namba zilizopigwa katika mti, nazo zikitoweka hazirudi. Afute uchafu kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, aache mti ukauke kivulini. Palipobonyea bila nyuzi za mti kukatika, aweke kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto juu yake. Mvuke utaziinua nyuzi. Halafu apake mafuta ya kitani, kidogo sana, ayasugue kwa kiganja mpaka mti upate joto, afute yanayobaki, angoje yakauke, arudie tena. Kazi hii yataka siku nyingi. Vitambaa vyenye mafuta hayo asivirundike nyumbani, maana vyaweza kuwaka moto vyenyewe. Avitandaze nje vikauke.

Mwishoni mti utakuwa safi na wenye afya, lakini mikwaruzo yake itaonekana. Ndivyo inavyofaa. Mtoto akiuliza, "Alama hii ni ya nini?", baba atapata nafasi ya kusimulia yote, ya fahari na ya aibu.

Bwana wetu alipofufuka aliwaonyesha mitume mikono yake na ubavu wake. Mwili ulikuwa wenye utukufu, na alama za madonda zilikuwapo. Sisi nasi, tunapoitunza historia ya nchi yetu, tuondoe uchafu wa chuki na uwongo, lakini alama tuziache. Anayezifuta hatamponya mtu. Anamnyima tu mjukuu wake ushuhuda.