Jikoni kwa Mr. Wizard

Mwaka 1825 Royal Institution ya London ilianzisha mihadhara ya sayansi ya Krismasi kwa vijana. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejisomea akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, aliiendesha misimu 19, na msimu uliovuma kuliko yote ulihusu mshumaa tu: nta inakwenda wapi, mwali unang'aa kwa nini. Tatizo lilikuwa kwamba sharti uwe London, na upate kiti.

Runinga ndiyo iliyoondoa sharti hilo. Machi 3, 1951, NBC ilianza kurusha Watch Mr. Wizard kutoka Chicago. Mwenye kipindi, Don Herbert, hakuwa mwanasayansi. Alihitimu chuo cha ualimu cha La Crosse, Wisconsin, roho yake ikiwa kwenye uigizaji, Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta. Alirusha ndege za mabomu za B-24 katika safari 56 za mapigano, kisha akarudi kuigiza redioni. Naamini redio ilimfaa kuliko chuo, maana alijua kuzungumza na mtu mmoja huku wengi wakisikiliza.

Kipindi kilikwenda hivi: mtoto wa jirani anakuja kumtembelea. Hakuna koti jeupe wala ubao. Kuna meza, maji, puto, glasi, kiberiti. Herbert anamuuliza, unadhani itakuwaje? Mtoto anabahatisha, mara nyingi anakosea, kisha mikono yake mwenyewe inamimina na kupima. Yote hayo hewani moja kwa moja. Aliyekuwa akitazama kwao alijua kuwa vifaa vile viko kabatini kwa mama yake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia majikoni mwa Marekani.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950, vilabu vya sayansi vyenye jina la Mr. Wizard vilipita 5,000. Wasovieti walikuwa hawajarusha setilaiti yao ya Sputnik. Serikali ya Marekani ilishtuka Sputnik iliporushwa Oktoba 1957, na sheria ya kumwaga fedha kwenye elimu ya sayansi ikapitishwa mwaka uliofuata. Watoto walikuwa wametangulia.

NBC ilikikatisha kipindi mwaka 1965, baada ya matoleo 547. Chaneli ya Nickelodeon ilimrudisha Herbert mwaka 1983, kwa mwendo wa kasi zaidi. Kisha akaja Bill Nye mwaka 1993, mhandisi aliyepitia Boeing na vichekesho vya Seattle. Nye anachekesha kweli, lakini picha zake hazitulii. Mtoto hapati nafasi ya kubahatisha kabla ya jibu kufika. Kwa Herbert kimya kile kilikuwa nusu ya somo.

Herbert alifariki Juni 2007, akiwa na miaka 89. Warithi wake hawakuficha deni. Katika kipindi cha Beakman's World, kilichotangulia cha Nye kwa mwaka mmoja, pengwini wawili wa Ncha ya Kusini wanaokaa kutazama runinga wanaitwa Don na Herb.