Nani Aliyefungua Njia ya Riyadh hadi Jeddah?

Novemba 1917 Harry St John Philby, ofisa wa Uingereza, alishuka katika bandari ya Uqair kwenye Ghuba, akapanda ngamia hadi Riyadh kuonana na Abdulaziz ibn Saud. Sharifu Hussein wa Makka alikuwa akishikilia kwamba njia ya kutoka huko hadi Hijazi si salama. Philby akaamua kumkanusha kwa vitendo: mwisho wa Desemba aliingia Jeddah bila kudhurika. Mwaka 1920 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikamtunuku nishani. Sina shaka na ujasiri wake. Ila ninavyoona mimi, safari ile inathibitisha jambo ambalo nishani haikulitaja: njia ilikuwa wazi kwa sababu wafugaji walikubali iwe wazi. Philby alisindikizwa na watu wa ibn Saud, nao walijulikana na makabila waliyopita kwao.

Kati ya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 950, na sehemu kubwa ilikuwa malisho ya kabila la Utaiba. Visima vilikuwa na wenyewe, na baadhi ya malisho yalitengwa kuwa hima, yasiguswe mpaka wakati wake. Mgeni hakununua usalama kwa bunduki. Alichukua rafiki wa njia kutoka kabila husika, na aliyemgusa mgeni alikuwa amelivunjia heshima kabila la yule rafiki. Bertram Thomas, wa kwanza kati ya Wazungu kuvuka jangwa la Rub' al-Khali mwaka 1930 hadi 1931, aliongozwa na Sheikh Saleh bin Kalut wa kabila la Rashid. Msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger naye alitegemea vijana wa kabila hilohilo, akina Salim bin Kabina. Mwaka 1948 aliingia mji wa Sulaiyil bila kibali cha ibn Saud, akazuiliwa, na ni Philby aliyemwombea akaachiwa. Kujua nyota na kuvumilia kiu hakukumfaa kitu hapo.

Kuna watakaosema ninawapamba wanyang'anyi, kwani mahujaji wangapi waliporwa na Mabedui? Waliporwa, tena wengi, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini dola la Uthmaniyya lenyewe liliyalipa makabila kila mwaka ili msafara wa hija upite, yaani lilitambua kwamba linapita kwa watu. Reli ya Hijazi ilipofika Madina mwaka 1908, makabila yaliyoishi kwa kukodisha ngamia na kulinda njia yaliona riziki yao inaondoka, yakapinga isiendelee hadi Makka. Haikuendelea kamwe. Huo si upinzani wa majambazi tu. Ni wa watu wa kazi ya usafirishaji, na forodha ya bandarini nayo hutoza, ila haiitwi uporaji.

Hoja nzito zaidi ni ya amani. Jeddah iliposalimu amri kwa ibn Saud Desemba 1925, barabara za hija zikatulia, na mahujaji wa Lamu, Mombasa na Unguja walionja faida hiyo. Sibishani nayo. Nabishana na anayedhani kwamba amani ile ilipatikana bure. Uvamizi wa kabila kwa kabila ulipigwa marufuku, wafugaji wakahimizwa kuhamia vijiji vya kudumu, na mwaka 1953 amri ya kifalme ikazifuta hima. Malisho yaliyokuwa na mlinzi yakawa ya yeyote mwenye lori la maji. Sehemu kubwa ikachakaa.

Tangu Septemba 2019 Saudia hutoa viza za utalii, na kutoka Riyadh watu huendesha magari hadi majabali ya Tuwaiq, kwenye Jabal Fihrayn, mahali panapouzwa kwa jina la Ukingo wa Dunia. Jina hilo ni la uongo. Njia ya misafara ilipita chini ya majabali hayo, na waliopitisha misafara hiyo walistahili kutajwa kabla ya Philby.