Rutuba Juu, Dhahabu Chini: Milima ya Bunia na Udongo Wake

Kwa wakazi wa Bunia, huko Ituri mashariki mwa Kongo, volkano ni habari za Goma. Nyiragongo ilipolipuka Januari 1977, Januari 2002 na tena Mei 2021, Ituri iliisikia milipuko hiyo kwa redio na kwa simu za jamaa. Kati ya Bunia na Mahagi hakuna mlima unaofuka moshi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia ya mji huu imesimama juu ya mwamba wa volkano. Tofauti ni umri tu. Lava nyingine ya Goma imemwagika wazee wetu wakiona. Ya Ituri ilipoa zaidi ya miaka bilioni 2.4 iliyopita. Umri huo ndio unaoeleza kwa nini kilima cha Djugu, kaskazini mwa Bunia, hata kiwe kijani namna gani, hakiwezi kubebeshwa mzigo unaobebwa na kilima cha Masisi, jirani na Goma.

Wanajiolojia wanaiita miamba hiyo kwa jina la mto Kibali, ulioko mkoa jirani wa Haut-Uele. Ilianza kama lava nyeusi, ikafukiwa, ikabanwa na kuokwa ardhini hadi madini yake yakageuka na jiwe likawa la kijani kibichi kinachoelekea weusi. Katika nyufa zake maji ya moto yalipita na kuacha mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi, na humo ndimo dhahabu ilimojificha. Mkanda wa mwamba huo unapita kaskazini-magharibi mwa Bunia, kuelekea Nizi, Bambu, Kilo na Mongbwalu. Kwingineko umechanganyikana na graniti na gneisi. Baadaye sana, bonde la Ziwa Albert lilipodidimia, ukingo wake wa magharibi uliinuka, ikapatikana Milima ya Bluu. Ziwa liko mita zipatazo 620 juu ya usawa wa bahari, Bunia inakaribia mita 1,300, na vilele vya Djugu vinapita mita 2,000.

Anayetaka kuuona udongo huo hahitaji maabara. Asimame mahali barabara ilipokata kilima. Juu kabisa kuna mizizi ya nyasi iliyosukana. Chini yake kuna tabaka jeusi, laini, lenye harufu ya mvua. Pengine halizidi urefu wa mkono. Halafu rangi inabadilika: kahawia, kisha nyekundu tupu, mita kwa mita, hadi kwenye jiwe lililooza ambalo bado lina sura ya jiwe lakini linavunjika kwa kidole. Ukilowanisha bonge la ule wekundu na kulifinyanga, linashika umbo kama udongo wa matofali, na kiganja kinabaki na kutu. Ni kutu kweli, maana wekundu huo ni chuma cha ile lava ya kale.

Mvua ya mamilioni ya miaka imeosha na kuondoa kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, ikaacha chuma, alumini na udongo mfinyanzi wa aina ambayo haishiki chakula cha mimea. Hata fosforasi iliyobaki hunaswa na chuma na alumini, mizizi isiipate. Kwa hiyo tabaka jekundu, kwa unene wake wote, ni ghala tupu. Utajiri uko katika lile jeusi la juu, yaani mboji. Huko milimani baridi huchelewesha kuoza kwa majani na mizizi, na mboji hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Nyasi ndizo zilizoitengeneza, na ndizo zinazoishikilia isichukuliwe na mvua. Masisi mambo ni mengine. Majivu na lava za Virunga bado ni changa, madini yake bado yanayeyuka na kulisha mimea, na udongo wake mwepesi hunywa maji kwa wingi. Nao hunasa fosforasi, lakini chini yake kuna akiba. Djugu akiba iliisha zamani sana.

Wafugaji wa kale hawakuhitaji kuelezwa hayo ili waishi nayo. Walipanda na mifugo juu, ambako baridi iliwaepusha na mbung'o wa mabonde ya joto, na walihama kilima kingine kabla cha kwanza hakijachakaa. Wahema ndio wanaotajwa sana kwa ng'ombe, na Walendu kwa kilimo, lakini milimani mambo hayakugawanyika hivyo: mfugaji alikuwa na shamba lake, mkulima alikuwa na mbuzi na ng'ombe wake, na Waalur na Wando-Okebo nao walikuwemo. Henry Morton Stanley alipotoka katika msitu wa Ituri mwezi Desemba 1887, baada ya miezi ya njaa na giza la miti, aliona uwanda wa nyasi umefunguka mbele yake. Karibu na hapo alipambana na watu wa mtemi Mazamboni, na Aprili 1888 alikutana na Emin Pasha kando ya ziwa, upande wa Kavalli. Nyasi alizozisifu zilikuwa tayari nchi ya wenyewe, yenye njia za ng'ombe na mashamba.

Dhahabu ndiyo iliyoleta macho ya wageni chini ya nyasi. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien, waliiona katika kijito cha Agola, karibu na Kilo. Uchimbaji ulianza 1905, machimbo ya Moto yakafuata 1911, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Machimbo yalikula watu na chakula. Vijiji vya jirani vilidaiwa nguvu za wabebaji, nafaka, maharagwe na nyama, na milima ya Djugu ikageuka kuwa jiko la migodi. Kitovu cha uchumi kikahama hivyo. Irumu ilikuwa boma la kwanza la wilaya, lakini Bunia, iliyo njia panda ya migodi, milima na bandari ya Kasenyi, ndiyo iliyokua hadi ikawa makao makuu, na tangu 2015 ni mji mkuu wa Mkoa wa Ituri.

Baridi iliyowafaa ng'ombe iliwafaa pia walowezi wa Kibelgiji. Walipewa konsesioni, yaani mashamba makubwa yenye hati, juu ya miinuko, wakaweka ng'ombe wa maziwa, kahawa aina ya arabika na bustani za mboga. Taasisi ya kikoloni ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa na kituo chake cha nyanda za juu huko Nioka, Mahagi. Huko walichunguza malisho, kahawa na mifugo, wakiwemo ng'ombe wadogo wenye nundu wanaojulikana kama Lugware. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wenyewe, INEAC ilichapisha maelezo ya ramani ya udongo wa Kongo yaliyoandikwa na mtaalamu wa udongo C. Sys. Aliitenga milima kama hii katika kundi lake, udongo mwekundu uliochoka lakini wenye mboji nyingi juu. Hayo mawili yalikwenda pamoja hasa penye mwinuko. Ni maneno ya kitaalamu, lakini ndani yake mlikuwa na onyo kwa yeyote atakayezungushia kilima uzio: ukiondoa nyasi, umeondoa kila kitu.

Uzio ulibaki hata walowezi walipoondoka. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na hati ikawa na nguvu kuliko kumbukumbu ya ukoo. Novemba mwaka huohuo Rais Mobutu alitangaza kuwapa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mali za wageni. Katika milima ya Djugu wengi waliopata konsesioni walikuwa Wahema wenye elimu na uhusiano na serikali. Majirani zao Walendu waliona vilima vikipita kutoka mkono wa mzungu kwenda mkono mwingine bila kuwarudia. Mfugaji aliyekuwa na hati hakulazimika kuhama tena. Asiye na hati alisukumwa kwenye miteremko, akalima palepale kila msimu. Huku ng'ombe wakikanyaga njia ileile na kule jembe likirudi kwenye shamba lililochoka, lile tabaka jeusi likapungua pande zote mbili za uzio.

Udongo haukuanzisha vita vya Ituri. Viliandaliwa na watu, kwa silaha, siasa, tamaa ya dhahabu na majeshi ya nchi jirani. Lakini mwaka 1999 moto ulipowaka, uliwakia kwenye mipaka ya konsesioni huko Walendu-Pitsi, katika miinuko hiyohiyo ya malisho. Hadi 2003 maelfu walikuwa wameuawa, Bogoro ilikuwa imeshambuliwa, na Bunia ilikuwa imebadilishana mikono ya wanamgambo mara kadhaa kabla kikosi cha Ulaya cha Artemis hakijafika Juni. Tangu Desemba 2017 Djugu imeungua tena. Februari 2022 kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule, ilishambuliwa na zaidi ya watu 60 wakauawa.

Leo Bunia imejaa watu walioteremka kutoka milimani. Vilima vyao vingine vimerudi kuwa vichaka, na mboji imepata mapumziko yasiyokusudiwa. Vingine, karibu na barabara na machimbo, vimelimwa kupita kiasi na watu wasioweza kufika mbali. Kwenye mito ya Mongbwalu wachimbaji wadogo hufukua hadi kokoto, wakiosha mchanga katika karai hadi ubaki mweusi mzito wenye vipande vya njano. Udongo wa juu, uliochukua karne kujengeka, hutupwa kando kwanza ukachukuliwa na mto, maana dhahabu iko chini.

Mazungumzo ya amani ya Ituri hujaa maswali ya mipaka: nani alikuwepo kwanza, hati ni ya nani, kilima kiishie wapi. Ni maswali ya haki na lazima yajibiwe. Lakini hata yakijibiwa yote, kilima kilichogawanywa vipande vidogo vya kulimwa mfululizo, au kilichofungiwa kundi moja la ng'ombe mwaka mzima, kitafika kwenye wekundu katika muda wa kizazi kimoja. Udongo huu unataka samadi irudi shambani, jamii ya kunde ipandwe kati ya nafaka, miteremko ifungwe kwa safu za nyasi na miti, na mifugo ipate njia ya kuhama. Hakuna hata moja kati ya hayo inayowezekana kwa jirani mmoja peke yake. Samadi iko kwa mwenye ng'ombe, mabua yako kwa mwenye shamba, na njia ya mifugo inapita kwa wote wawili. Mapatano yatakayoandikwa Bunia bila kifungu cha malisho na samadi yatarudi mezani mapema kuliko waandishi wake wanavyodhani.